Ulipo Upepo: Mwongozo Kamili wa Kufungua, Kujaza na Kutunza Magurudumu ya Gari

Bati la kibanda changu cha pancha lina tundu lenye umbo la mwezi mwandamo. Saa saba mchana kipande cha jua hupenya pale na kumwangukia usoni mteja aliyeketi kwenye benchi, na karibu kila mmoja huuliza kwa nini sibadilishi bati. Tundu hilo lilitobolewa na pete ya rimu ya lori. Nilikuwa na miaka miwili tu kwenye kazi. Utingo wa gari alikuwa na haraka, akaona pete haijakaa sawasawa, akachukua nyundo akaigonga huku kompresa ikiendelea kusukuma upepo. Mimi nilikuwa nimeinama kuokota geji, kile kipimio cha upepo, iliyodondoka. Niliposikia mlio nilidhani ni radi. Pete ilimvunja utingo mkono, ikapita juu ya mgongo wangu, ikatokea batini. Nimeliacha tundu makusudi. Kijana akija kujifunza kazi, namwonyesha hilo kabla sijamshikisha spana.

Watu wanaogopa jeki na magari yanayopita, lakini upepo hawauogopi kwa kuwa hauonekani. Hebu tupige hesabu. Tairi la lori likijazwa psi 110 (psi ni pauni kwa inchi ya mraba), kila inchi moja ya mraba, eneo la ukubwa wa stempu ya barua, inasukumwa kwa uzito wa karibu kilo 50. Ubavu wa tairi hilo una mamia ya stempu hizo, zidisha mwenyewe. Ndiyo maana kila hatua hapa chini inaanza na swali lilelile: upepo uko wapi, na ukitoka ghafla utapita wapi? Ukishajua, usisimame hapo.

Soma tairi kabla ya kulilipia

Chukua saizi inayoonekana sana kwenye magari yetu madogo: 195/65R15 91H. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya huo upana. R ni radiali, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Wateja wengi husoma hapo tu: "inaingia kumi na tano, funga." Lakini 91 ndiyo inayosema tairi moja linabeba kilo 615, na H inasema mwisho wake ni kilomita 210 kwa saa. Hiace ya abiria ikivalishwa tairi la gari dogo kwa sababu rimu imekubali, mzigo haujakubali. Namba ya mzigo isishuke chini ya ile iliyokuja na gari.

Kisha tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho wake. 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya mwaka 2000. Lirudishe lilipotoka hata kama linang'aa. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanataka tairi litolewe likifikisha miaka 6, na watengenezaji wengi wa matairi wanasema 10 ndiyo mwisho kabisa, hata kama kashata, yaani meno ya tairi yanayokanyaga barabara, zipo.

Kwa tairi la mtumba, usiangalie nje peke yake, kwa sababu nje hupakwa rangi. Ingiza mkono ndani upapase. Ukitoa vidole vina unga mweusi wa mpira, tairi hilo liliwahi kukimbizwa bila upepo likajisaga lenyewe. Liache hata kwa bei ya bure. Halafu likunje kidogo uangalie mifereji ya kashata kama ina nyufa.

Kashata zina vijiti vidogo vya mpira vilivyolala ndani ya mifereji, na ubavuni pameandikwa TWI kuonyesha vilipo. Kashata zikilingana na vijiti hivyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi limeisha. Wakati wa masika mimi singojei hapo. Chini ya milimita 3 tairi linashindwa kusukuma maji pembeni, na gari linaanza kuelea.

Upepo wenyewe

Kipimo cha upepo cha gari lako kimebandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, au kwenye kifuniko cha tangi la mafuta. Namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo ambacho tairi lisivukishwe, sicho kipimo cha kujaza. Kibandiko kikiandika kPa 230, hiyo ni psi 33. Kikiandika bar, zidisha kwa 14.5.

Pima asubuhi, kabla gari halijatembea, au baada ya kusimama kwa muda wa saa tatu. Nunua geji yako, maana ya kituo cha mafuta huangushwa chini mara ishirini kwa siku. Kijana wa kituo akikuuliza "ngapi?" usimjibu "weka thelathini na tano zote" kwa mazoea. Magari mengi yana kipimo kimoja mbele na kingine nyuma, na kingine tena likiwa limejaa watu na mizigo.

Kuna kosa moja la watu wa sehemu za joto ambalo linaua: kupunguza upepo "ili tairi lisipasuke kwa jua." Dereva anatoka Dar, anafika Chalinze, anapima, anaona psi 33 zimekuwa 37, anatoa 4. Hiyo 37 ilikuwa halali yake. Tairi likipata moto, upepo hutanuka, na kipimo cha kibandiko kimeshalihesabia hilo. Akishautoa, kesho asubuhi anaanza safari na 29. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja ubavu kila linapozunguka, kujikunja kunazalisha joto, joto linaachanisha tabaka za mpira na waya, na hapo ndipo linapasuka. Kinachopasua ni upungufu, na jua linasaidia tu. Tairi likiwa la moto, usipunguze kitu.

Uvaaji wa kashata nao husema. Zikiisha kingo zote mbili, upepo ulikuwa mdogo muda mrefu. Zikiisha katikati, ulikuwa mwingi. Zikiisha upande mmoja, peleka gari alaimenti kabla ya kununua jipya, maana hilo jipya litaliwa vilevile. Zikiwa na mabonde-mabonde, shuku shokamzoba au balansi. Zungusha matairi kati ya mbele na nyuma kila kilomita 8,000 hadi 10,000. Na ukiwa na pesa ya mawili tu, mapya yakae nyuma, hata kama gari linavuta kwa mbele: nyuma ikiteleza kwenye maji, dereva wa kawaida hairudishi.

Kubadili gurudumu barabarani

Tairi likipasuka ukiwa kwenye mwendo, usikanyage breki kwa nguvu. Shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, acha gari lipungue lenyewe, kisha toka nje ya lami. Rimu ikiharibika ni rimu tu. Usisimame kwenye kona wala mteremkoni, na kama uko ndani ya hifadhi ya Mikumi, sogea pole pole hadi penye watu. Pale huwezi kuchuchumaa nyuma ya gurudumu na kuupa mgongo msitu.

1. Abiria wote washuke, wakae mbali na barabara. Washa taa za hatari. Weka pembetatu ya kuakisi mwanga hatua zisizopungua 50 nyuma ya gari, zaidi kama kuna kona. Matawi ya miti tuliyozoea kuyatandaza yanasaidia mchana. Usiku hayaonekani mpaka yawe chini ya bampa. Ukimaliza yaondoe.

2. Vuta breki ya mkono, ingiza gia ya kwanza au P. Weka kabari au jiwe kubwa kwenye gurudumu lililo mkabala kwa mshazari na lile unalolitoa, mbele yake na nyuma yake.

3. Toa tairi la spea na ulipime kabla hujagusa jeki. Nimeshuhudia familia nzima ikiinua gari, ikatoa gurudumu bovu, ndipo ikagundua spea haina upepo tangu gari linunuliwe.

4. Legeza nati zote nusu mzunguko wakati tairi bado limekanyaga chini. Gari likiwa juu ya jeki halipaswi kusukumwasukumwa na mtu anayepambana na nati ngumu.

5. Weka jeki mahali palipochorwa kwenye kitabu cha gari. Kwa kawaida ni kwenye ukingo wa chini penye alama mbili za kukatwa. Kwenye mchanga au tope, weka ubao mnene chini yake. Inua mpaka tairi liachane na ardhi kidogo tu.

6. Lilaze tairi la spea chini ya ukingo wa gari, karibu na jeki. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi, na utabaki na nafasi ya kuweka jeki upya. Ukishatoa bovu, libadilishe nafasi na spea. Mguu wako, kichwa chako, hata mkono wa kuokota nati, visiingie chini ya gari.

7. Safisha uso wa habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa) na uso wa rimu vinapokutana. Kutu na udongo hukaa kama mto laini. Leo unakaza, kesho vimesagika, nati zimelegea. Funga nati kwa vidole kwanza. Kama inagoma kwa vidole, itoe uanze upya. Spana italazimisha na kuua stadi, ile bolti inayoshika nati.

8. Teremsha gari mpaka tairi liguse chini, ndipo ukaze kwa kuruka: nati moja, kisha ya mkabala wake, kama unachora nyota. Ukizunguka kwa kufuatana, rimu inakaa kombo.

Magari yetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo gurudumu la kulia ndilo linalokuweka mgongo kwa magari yanayopita. Kama ni la kulia na barabara ni nyembamba, heri utembelee rimu mita mia mbili upate uwanja.

Kukaza nako kuna kiasi. Magari mengi madogo yanataka kati ya Newton-mita 100 na 110. Kitabu cha gari lako ndicho cha mwisho. Kama huna spana yenye kipimo, fikiria spana ya urefu wa nusu mita, kisha ndoo ya maji ya lita 20 inaning'inia kwenye ncha yake. Nguvu hiyo ndiyo yenyewe, karibu Newton-mita 100. Sasa mtu wa kilo 70 akipanda na kusimama kwenye spana ya sentimita 30, anaweka zaidi ya 200, mara mbili ya inayotakiwa. Stadi inavutika kama peremende, inakatika siku nyingine, na anayelaumiwa ni fundi wa mwisho. Usiongeze bomba, na usipake grisi wala oili kwenye stadi kama kitabu hakijasema, kwa sababu nati yenye mafuta inateleza na kukaza kupita kiasi kwa nguvu ileile. Ukishatembea kilomita 50 hadi 100, simama uzikaze tena.

Pancha

Msumari ukiwa umeingia, usiuchomoe barabarani kama tairi bado lina upepo. Unaweza kufika nao kwa fundi. Gari likifika kwangu, najaza, napaka maji ya sabuni, natafuta mapovu, naweka alama ya chaki. Kisha natoa upepo wote, na kisindano cha ndani ya valvu nakifungua kabisa, ndipo navunja mdomo wa tairi (ukingo wake unaobana rimu) kutoka kwenye rimu.

Tundu linalozibika ni la katikati ya kashata, lisilozidi milimita 6. Bega na ubavu havizibwi. Ubavu unajikunja kila mzunguko, na kiraka hakiwezi kuishi pale. Tairi la tyublesi, yaani lisilo na mpira wa ndani, linazibwa vizuri kwa ndani, kwa kiraka chenye mkia unaojaza tundu. Ule utepe wa mpira wenye gundi unaosokomezwa kwa nje, bila tairi kutolewa, ni wa kukufikisha nyumbani. Najua ni wa bei ndogo na dakika tano, na najua mafundi wenzangu watakuambia umekaa miaka. Lakini anayeusokomeza kwa nje hajaona ndani, na ndani ndiko kwenye ule unga mweusi.

Wakati wa kurudisha, paka mdomo wa tairi maji ya sabuni au mafuta ya kazi hiyo, usipake petroli wala oili. Jaza mpaka usikie milio miwili ya mdomo kukaa. Kwa tairi la gari dogo, ukifika psi 40 mdomo haujakaa, usiongeze hata moja. Toa upepo wote, paka tena, zungusha, anza upya. Na ule mtindo wa kumwaga petroli au kupulizia dawa ya kopo ndani ya tairi kisha kuwasha kiberiti ili mdomo uruke ukae: hujui umeweka gesi kiasi gani, na moto haujui ulitaka kiasi gani. Kwangu haufanyiki hata mteja akinuna.

Malori na rimu za pete

Rimu za pete zina vipande viwili au vitatu: rimu, ubao wa pembeni, na pete inayovifungia. Kinachozuia vyote hivyo visiruke ni pete kukaa kwenye mfereji wake. Pete ikiwa imepinda, ina kutu au imetoka rimu nyingine inayofanana, inaweza kuonekana imekaa huku haijakaa. Marekani wana kanuni ya usalama kazini inayohusu magurudumu ya magari makubwa kama malori, trela, mabasi na matrekta, na mambo yake yanatekelezeka hata chini ya mwembe.

Kabla ya kulegeza nati hata moja ya gurudumu lililopungua upepo au lenye dalili ya kuharibika, fungua kisindano cha valvu utoe upepo wote, tairi likiwa bado kwenye gari. Ingiza waya mwembamba kwenye valvu kuhakikisha haijazibwa na uchafu. Kwenye magurudumu mawili yaliyobanana, toa upepo wa yote mawili. Nati ndizo wakati mwingine zinazoshikilia rimu iliyokwisha pasuka, na wewe unakuja kuzifungua.

Tairi la lori lililotembea likiwa na upepo wa asilimia 80 au chini ya kipimo chake, usilijazie tu ukaendelea. Kama kipimo ni psi 110, mstari uko kwenye 88. Likiwa chini ya hapo, litolewe upepo, lifunguliwe, likaguliwe ndani. Waya za ubavuni zikishachoka kwa kukunjwa, zinakatika moja baada ya nyingine wakati wa kujaza, na ubavu unafunguka kwa mstari kama zipu. Ukisikia tik-tik-tik ndani ya tairi linalojazwa, usisogee kusikiliza. Kata upepo kwa mbali na uondoke.

Kujaza kunafanyika ndani ya kizimba cha chuma. Kama huna, mwambie mteja aende kwenye gereji yenye nacho. Mnyororo wa kufungia gurudumu, au kulilaza chini ya chasisi ya gari jingine, ni kujifariji tu. Tumia mpira mrefu wenye kichwa kinachojibana chenyewe kwenye valvu, geji na koki viwe upande wako, nawe usimame usawa wa kashata, usiwe mbele ya pete wala nyuma ya rimu. Pete ikionekana haijakaa, toa upepo wote ndipo uishike. Nyundo haigusi pete yenye upepo. Unakumbuka bati langu.

Gurudumu la lori na tairi lake lina karibu kilo 100. Likianza kuanguka, liache lianguke. Kwa kulipachika kwenye stadi, tumia mtaimbo kama wenzo, usinyanyue kwa kiuno. Na kwa Fuso na Isuzu nyingi za zamani, stadi za upande wa kushoto zina L kichwani: zinafunguliwa kwa kuelekea kulia. Vijana wamezikata wakidhani zimeganda. Kwenye magurudumu pacha ya gari hizo kuna nati ya ndani na ya nje. Kukaza ya ndani, legeza kwanza ya nje, kaza ya ndani, kisha rudisha ya nje.

Madereva hupita asubuhi wakigonga matairi kwa bomba. Kugonga kunakuambia tairi limekufa, hakukuambii linaumwa. La ndani la pacha likiwa na psi 60 linalia karibu sawa na lenye 100, na mwenzake anabeba mzigo wa wote wawili mpaka mteremko wa Kitonga, breki zikiwa za moto tayari.

Moto na rimu

Rimu ikipasuka, usiichomelee tairi likiwa juu yake. Hata kama upepo umetolewa. Joto la kuchomelea au la gesi linaunguza mpira wa ndani, mpira unatoa moshi unaowaka, msukumo unapanda, na tairi linalipuka dakika kadhaa baadaye, wakati mwingine moto wenyewe ukiwa umeshazimwa. Vivyo hivyo kwa nati iliyoganda: usiichome na gesi gurudumu likiwa na tairi. Tairi litoke kabisa. Rimu ya pete iliyopasuka haichomelewi hata bila tairi. Inakatwa ikauzwe chuma chakavu. Lori likisimama kando ya barabara na magurudumu yanafuka moshi, kaa mbali, na usimsogelee dereva anayemwagia maji.

Matairi yaliyokufa

Tairi ulilolikataa likikaa nje ya kibanda, jioni moja mtu atakuja kulinunua, na mwezi ujao litarudi limepakwa rangi. Kwa hiyo mimi nakata mdomo wake kwa msumeno siku hiyohiyo, pande zote mbili, lisivalishwe tena popote. Yasiyokatwa yanajaa maji ya mvua, na maji hayo ndiyo mbu wa dengi anayotagia, kwa hiyo nayatoboa au nayaweka chini ya turubai. Kila Jumamosi huja mzee wa katambuga, mshona viatu vya matairi, na baiskeli yake. Anachagua kashata nene, anayabonyeza kwa kidole gumba, na yale ambayo mimi ningekuwa nimeyaonea huruma, yeye huyaacha.